Muuza Gazeti, Mwazimisha Vitabu na Mwenye Mtandao

Sheria ya kashfa iliyokomaa katika mahakama za Uingereza, ikarithiwa na Marekani na baadaye na makoloni ya Waingereza katika Afrika Mashariki, haikumwandama mtunzi wa maneno peke yake. Kashfa, kwa maana yake ya kisheria, ni tamko linalomshushia mtu hadhi mbele ya watu wenye busara katika jamii yake, na kuchapisha, kwa maana ya sheria hiyo hiyo, si kazi ya mitambo ya chapa bali ni tendo lolote la kumfikishia tamko hilo mtu wa tatu. Kwa tafsiri pana namna hiyo, aliyeandika, aliyehariri, aliyepiga chapa, aliyebeba robota la magazeti na aliyeliuza pembeni mwa barabara walihesabiwa wote kuwa wachapishaji, na aliyeumizwa aliweza kumchagua yeyote kati yao ampeleke mahakamani. Naye kwa kawaida alimchagua mwenye fedha au mwenye anwani inayojulikana. Msemo wa kwamba mjumbe hauawi una sharti lisilotamkwa, nalo ni kwamba aliyemtuma anafahamika na anaweza kufikiwa. Sharti hilo likikosekana, mjumbe ndiye anayebaki mbele ya mwenye hasira. Historia ya dhima, yaani wajibu wa kisheria wa kulipa au kuadhibiwa, ya watu wanaobeba maneno ya wengine ni historia ya majaribio ya kumpa mjumbe huyo nafuu bila kumwacha aliyeumizwa mikono mitupu, na kwa zaidi ya karne moja majaribio hayo yameegemea swali moja: je, mjumbe aliyajua aliyoyabeba?

Swali hilo lilipata jibu la kukumbukwa mwaka 1885 katika kesi ya Emmens dhidi ya Pottle. Wadaiwa walikuwa wauza magazeti waliouza nakala za gazeti lililoitwa Money pasipo kufahamu kwamba ndani yake mlikuwa na maneno ya kumkashifu mdai. Lord Esher wa Mahakama ya Rufani ya Uingereza alikubali kwamba, kwa kuangalia juu juu, watu hao walikuwa wamechapisha, lakini aliona kwamba kanuni ambayo ingemtia hatiani muuza gazeti asiye na habari wala uzembe ingekuwa ya dhuluma kiasi cha kutostahili kuhesabiwa miongoni mwa sheria za nchi. Hapo ndipo ulipopata sura utetezi wa msambazaji asiye na hatia, ambao ulimwondolea lawama aliyesambaza iwapo angeweza kuthibitisha mambo matatu: kwamba hakujua kuwa mzigo wake una kashfa, kwamba hapakuwa na jambo la kumtia shaka, na kwamba kutojua kwake hakukutokana na uzembe. Mzigo wa kuthibitisha uliwekwa mabegani mwa msambazaji mwenyewe, na sharti la tatu ndilo lililokuja kuwaponza wengi.

Miaka 15 baadaye sharti hilo liliikuta maktaba kubwa ya London, katika shauri ambalo chanzo chake kinagusa pwani ya Afrika Mashariki. Mudie's Select Library, iliyoanzishwa na Charles Edward Mudie mwaka 1842, iliwaazimisha wanachama wake vitabu kwa ada ya mwaka, na kwa wingi wa nakala ilizonunua ilifikia kuwatetemesha wachapishaji wa riwaya. Miongoni mwa vitabu vilivyokuwa katika rafu zake mwaka 1898 kilikuwa kimoja kilichosimulia maisha ya Emin Pasha, tabibu mzaliwa wa Silesia aliyekuwa gavana wa jimbo la Ikweta kwa niaba ya Misri, ambaye msafiri Stanley alimfikisha Bagamoyo mwezi Desemba 1889 na ambaye, usiku wa karamu ya kumpokea, alianguka kutoka ghorofani akaumia vibaya. Kitabu hicho kilikuwa na maneno ya kumkashifu mwandishi wa habari aliyeitwa Vizetelly. Wachapishaji walipolalamikiwa walitangaza katika majarida mawili kwamba nakala zirudishwe, na Mudie's, ambayo ilikuwa ikiyapokea majarida hayo, haikuliona tangazo, ikaendelea kuazimisha.

Mbele ya baraza la wazee wa mahakama, mmoja wa wakurugenzi wa maktaba alieleza kwamba kampuni haikuwa na mtu aliyeajiriwa kuvisoma vitabu ili kubaini kashfa, kwa sababu gharama ya kuajiri wasomaji ilizidi gharama ya kushtakiwa mara moja moja. Ni vigumu kupata, katika kumbukumbu zote za eneo hili la sheria, kauli iliyo nyofu kuliko hiyo. Mkurugenzi hakudai kwamba kusoma hakuwezekani; alidai kwamba kusoma hakulipi. Baraza lilimpa Vizetelly ushindi, na mwaka 1900 Mahakama ya Rufani ilikataa kuutengua, kwa kuwa maktaba iliyopuuza tangazo lililo mezani pake haikuweza kusema kwamba kutojua kwake hakukuwa na uzembe.

Mkondo mwingine wa fikra ulihusu maneno ambayo hayakuuzwa wala kuazimishwa bali yalibandikwa mahali na mtu asiyejulikana. Katika klabu ya gofu ya Seaford, kusini mwa Uingereza, mtu aliwadokezea polisi kuwapo kwa mashine haramu za kamari, mashine zikaondolewa, na muda mfupi baadaye karatasi yenye beti za kejeli zilizopigwa chapa ikaonekana ukutani, ikidokeza kwamba mwanachama mmoja ndiye aliyewasaliti wenzake. Katika kesi ya Byrne dhidi ya Deane, iliyoamuliwa mwaka 1937, majaji wa rufani walikuwa tayari kumhesabu mwenye ukuta kuwa ameyachapisha maneno ikiwa anayaona, ana uwezo wa kuyabandua kwa mkono mmoja, na bado anayaacha. Mdai alishindwa hata hivyo, kwa sababu isiyokosa ucheshi: kusema kwamba mtu ametoa taarifa ya uhalifu kwa polisi si kumvunjia heshima mbele ya raia wema. Klabu ilinusurika, lakini kanuni ya ukuta ilibaki, na ndiyo iliyokuja kutumiwa na mawakili wa Uingereza miaka 60 baadaye, walipohitaji kitu cha kulinganisha na ukumbi wa mtandaoni.

Nchini Marekani hoja ilichukua mwelekeo wa kikatiba. Manispaa ya Los Angeles ilikuwa na sheria ndogo iliyomwadhibu mwenye duka la vitabu aliyekutwa na kitabu cha aibu dukani mwake, awe amekisoma au hajakisoma, na kwa sheria hiyo mwenye duka aliyeitwa Smith alihukumiwa kifungo. Mwaka 1959 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ilimfutia hatia. Jaji William Brennan alieleza kwamba muuza vitabu anayetishwa kwa jela kwa ajili ya kitabu asichokifahamu atauza vile tu alivyovisoma mwenyewe, na kwa kuwa hakuna binadamu awezaye kusoma duka zima, rafu zitapungua na watakaopoteza ni wasomaji wote wa mji, hata wale ambao vitabu wanavyovitaka havina kosa lolote. Hukumu hiyo iliuhamisha mjadala kutoka kwenye huruma kwa msambazaji hadi kwenye haki ya umma, ingawa haikueleza ni kiasi gani hasa cha kujua kingetosha kumtia mtu hatiani.

Katika kanuni hizi zote mlikuwa na kasoro ambayo kwa muda mrefu haikumwumiza mtu. Kama kujua ndiko kunakozaa dhima, basi anayefumba macho yuko salama kuliko anayeyafumbua, na anayejitahidi kuchambua mzigo wake anajitwika hatari ambayo mzembe kiasi haipati. Muuza magazeti hakuwa na muda wa kusoma, hivyo hakuhitaji kuchagua. Uchaguzi ulianza kuwa wa kweli pale ilipozuka biashara ya kuunganisha kompyuta kwa nyaya za simu.

CompuServe, yenye makao yake Columbus katika jimbo la Ohio, iliwapa wateja wake kumbi za majadiliano na majarida ya kielektroniki, na mojawapo ya majarida hayo, Rumorville, lilishughulika na habari za ndani za watangazaji. Kampuni iliyokuwa ikiandaa jarida shindani ilidai kuwa imekashifiwa humo na ikaishtaki CompuServe. Mwezi Oktoba 1991 Jaji Peter Leisure wa mahakama ya shirikisho mjini New York alitupa madai hayo, kwa kuwa CompuServe ilikuwa imekabidhi usimamizi wa ukumbi kwa kampuni nyingine, na jarida liliingia katika kompyuta na kusomeka papo hapo bila mfanyakazi wake yeyote kulipitia. Kwa maoni ya jaji, huduma hiyo ilikuwa maktaba ya kielektroniki, na haikuwa haki kuidai zaidi ya linavyodaiwa genge la magazeti.

Mshindani wake, Prodigy, ambayo wakati huo ilimilikiwa na IBM na Sears, ilifuata njia tofauti. Ilijinadi kuwa huduma ya familia, ikaweka masharti ya lugha, ikatumia programu iliyonasa matusi kabla hayajaonekana, na ikateua viongozi wa kumbi waliokuwa na uwezo wa kufuta ujumbe. Kwa wateja wasiopungua milioni 2 ilikuwa haiwezekani kusoma kila kitu, lakini ilijaribu. Mwezi Oktoba 1994 mtu asiyejulikana aliandika katika ukumbi wake wa mambo ya fedha, Money Talk, kwamba Stratton Oakmont, kampuni ya madalali wa hisa ya Long Island, ilikuwa imefanya ulaghai katika uuzaji wa hisa za kampuni moja. Madalali walidai fidia ya dola milioni 200. Mwezi Mei 1995 Jaji Stuart Ain wa mahakama ya jimbo la New York aliamua kwamba Prodigy, kwa kuwa ilijitwalia mamlaka ya mhariri, ilipaswa kubeba dhima ya mhariri, na kwa hiyo ilikuwa mchapishaji na si msambazaji. Shauri lilimalizwa kwa maelewano miezi michache baadaye. Inafaa kukumbukwa pia kwamba wasimamizi wa soko waliifungia Stratton Oakmont mwaka 1996, na kwamba wakuu wake wawili walikiri makosa ya ulaghai mwaka 1999. Yule aliyeandika bila jina huenda alikuwa na la kusema.

Hukumu hizo mbili zikiwekwa pamoja zilitoa ushauri mmoja kwa kila mwenye huduma: usisome, usifute, usisimamie. Christopher Cox, mbunge wa chama cha Republican kutoka California, na Ron Wyden, aliyekuwa mbunge wa chama cha Democratic kutoka Oregon, waliona kwamba ushauri huo ungeiacha mitandao bila mlezi, wakaandaa mswada ambao Baraza la Wawakilishi liliupitisha mwezi Agosti 1995 kwa kura 420 dhidi ya 4. Maseneta nao walikuwa na mswada wao, ulioongozwa na James Exon wa Nebraska, wa kuwaadhibu wanaowafikishia watoto maneno na picha zisizo na staha. Miswada yote miwili iliingizwa katika sheria moja kubwa ya mawasiliano ambayo Rais Bill Clinton aliitia saini tarehe 8 Februari 1996. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu Kabisa iliibatilisha sehemu ya Exon kwa kuukiuka uhuru wa maoni, na sehemu ya Cox na Wyden, ambayo magazeti hayakuwa yameijali sana, ikabaki imesimama peke yake kwa jina la kifungu cha 230.

Kifungu hicho kina mikono miwili. Mkono wa kwanza, ulioandikwa kwa sentensi yenye maneno 26 ya Kiingereza, unakataza mwenye huduma au mtumiaji wake kuhesabiwa kuwa mchapishaji au msemaji wa habari iliyotolewa na mtu mwingine. Mkono wa pili unamkinga mwenye huduma anayeondoa kwa nia njema yale anayoyaona kuwa hayafai. Kwa pamoja iliifuta hukumu ya Prodigy: kusoma hakukuwa tena kosa, na kutosoma pia hakukuwa kosa. Sheria za jinai za shirikisho na haki za ubunifu ziliachwa nje ya kinga hiyo.

Upana wa kinga hiyo haukujulikana hadi mahakama zilipoupima, na aliyelipa gharama ya kipimo alikuwa mkazi mmoja wa Seattle. Siku sita baada ya jengo la serikali kulipuliwa Oklahoma City tarehe 19 Aprili 1995, na watu 168 kupoteza maisha, mtu asiyejulikana aliweka katika huduma ya America Online tangazo la fulana zenye maneno ya kuwakejeli waliokufa, akaweka humo namba ya simu ya mkazi huyo, ambaye hakuwa na habari yoyote. Simu za matusi na vitisho zilianza kuingia, na katika siku mbaya kuliko zote zilifika takriban moja kila dakika mbili. Hakuweza kuibadilisha namba kwa kuwa aliitumia kwa biashara yake. Alipiga simu America Online, tangazo likaondolewa, jingine likawekwa. Kisha mtangazaji wa redio mjini Oklahoma City alilisoma hewani na kuwahimiza wasikilizaji wapige. Wakili wa mlalamikaji aliijenga hoja yake juu ya msingi ule ule ulioiangusha Mudie's: hata kama America Online si mchapishaji, ni msambazaji aliyekwisha kupewa taarifa.

Mwezi Novemba 1997 Jaji J. Harvie Wilkinson wa mahakama ya rufani ya mkoa wa nne aliikataa hoja hiyo. Alieleza kwamba msambazaji ni aina mojawapo ya mchapishaji, na kwamba kama taarifa peke yake ingetosha kuzaa dhima, basi yeyote aliyechukizwa angetuma taarifa, na kampuni inayopokea maelfu yake ingeona ni nafuu kufuta kuliko kuchunguza. Ubashiri huo ulikuwa wa kweli, kama nchi nyingine zilivyokuja kuonyesha. Lakini ni kweli vilevile kwamba mkazi wa Seattle alitoka mahakamani bila fidia kutoka kwa yeyote aliyeweza kupatikana, na kwamba kifungu kilichotungwa ili kumtia moyo anayesafisha ukumbi wake kiligeuka ngao ya asiyejishughulisha kabisa.

Ulaya haikumfuata Wilkinson. Waraka wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 2000 kuhusu biashara ya kielektroniki uliwagawa wenye huduma kwa kazi zao: anayepitisha tu habari katika nyaya zake hana dhima, anayehifadhi maneno ya wateja ana kinga hadi atakapojua kwamba ni haramu, na akijua lazima ayaondoe haraka, na hakuna nchi mwanachama inayoruhusiwa kuwalazimisha kupekua kila kinachopita. Utaratibu huu, ambao kwa urahisi unaweza kuitwa taarifa na uondoaji, ndio uliosafiri zaidi duniani, na sheria mpya ya huduma za kidijitali ya mwaka 2022 imeuongezea wajibu wa kampuni kubwa kupima madhara ya mifumo yao, kwa tishio la faini inayoweza kufika asilimia 6 ya mapato yao ya mwaka duniani kote.

Sura ya Ulaya inaonekana wazi katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, ambayo nayo ilimwondolea mtoa huduma wajibu wa jumla wa kufuatilia data zinazopita kwake na kuweka utaratibu wa kupeleka taarifa ya kuondoa maudhui. Kenya nayo ilimkinga mtoa huduma asiyejua katika sheria yake ya mwaka 2018 kuhusu makosa ya kompyuta, na mwaka 2019, katika marekebisho ya sheria ya hakimiliki, ikaweka muda wa saa 48 wa kuondoa kazi iliyoibwa. Ila katika Tanzania uzito wa jambo haukukaa hapo. Waendeshaji wa JamiiForums, jukwaa lililoanza mwaka 2006 na kupata umaarufu kwa kufichua mambo ya rushwa, hawakuulizwa kama waliyajua yaliyoandikwa. Waliulizwa ni nani aliyeyaandika. Mwezi Desemba 2016 Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wake, alifikishwa katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu akishtakiwa, pamoja na mambo mengine, kuzuia upelelezi kwa kutotoa taarifa za watumiaji ambazo polisi walizitaka.

Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilikwenda mbali zaidi. Mwenye jukwaa au blogu alitakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyogharimu zaidi ya shilingi milioni 2 kwa mwaka wa kwanza, kuwa na njia ya kumtambua mwandishi, na kuondoa maudhui yaliyokatazwa ndani ya saa 12 baada ya kuarifiwa. Kanuni zilizofuata mwaka 2020 zilipunguza muda huo hadi saa 2. Kwa sababu ya sharti la leseni, JamiiForums ilikuwa imefunga huduma kwa muda mwezi Juni 2018. Katika saa 2 hakuna mhariri anayeweza kuchunguza ukweli wa tuhuma za wizi wa fedha za umma, na hapo hofu ya Wilkinson inaonekana kwa namna ambayo yeye hakuifikiria, kwa kuwa anayeweza kutuma taarifa si mwananchi aliyechukizwa peke yake bali pia mdhibiti mwenye uwezo wa kufuta leseni.

Wakati huohuo kazi ambayo mkurugenzi wa Mudie's aliiona kuwa ghali mno ilikuwa imepata wafanyakazi wake, na baadhi yao walikuwa Nairobi. Kuanzia mwaka 2019 vijana walioajiriwa na kampuni ya Sama waliketi mbele ya kompyuta wakiipitia mizigo ya Facebook iliyoandikwa kwa lugha za Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika, wakiamua kwa sekunde chache kama video ya mauaji au maneno ya uchochezi yabaki au yaondoke. Mmoja wao, raia wa Afrika Kusini, alifungua shauri mwaka 2022 akilalamikia ujira na madhara ya akili, na mwaka 2023 wenzake zaidi ya 180 walifuata. Meta, kampuni mama ya Facebook, ilijitetea kwamba haina ofisi nchini Kenya na kwamba mahakama za huko hazina mamlaka juu yake, utetezi ambao Mahakama ya Rufaa ya Kenya iliukataa mwezi Septemba 2024.

Shauri jingine mjini Nairobi linaigusa dhima yenyewe. Mwezi Novemba 2021, vita vikiendelea kaskazini mwa Ethiopia, profesa wa kemia wa Chuo Kikuu cha Bahir Dar aliuawa nje ya nyumba yake baada ya jina na picha yake kusambazwa katika Facebook pamoja na tuhuma zilizomlenga kwa kabila lake, na mwanawe anasema aliomba machapisho hayo yaondolewe kabla mauaji hayajatokea. Katika ombi lililofunguliwa Nairobi mwezi Desemba 2022, ambalo taasisi ya Katiba Institute ni mmoja wa waombaji wake, hoja kuu si kwamba machapisho hayo yaliachwa bila kufutwa, bali kwamba mfumo wa kampuni uliyachagua na kuyapeleka mbele ya watu ambao hawakuyatafuta, kwa sababu yanayochochea hasira hutazamwa zaidi. Muuza gazeti wa mwaka 1885 hakumfuata mpita njia na ukurasa wenye kashfa ukiwa umefunuliwa tayari. Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ilipoletewa hoja inayofanana na hiyo mwaka 2023 katika kesi dhidi ya Google iliepuka kuijibu, na kifungu cha 230 hakikuguswa. Nairobi kifungu hicho si sheria, na ibara ya 33 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, inayolinda uhuru wa kujieleza, imetaja yenyewe kwamba uhuru huo hauhusu uchochezi wa vurugu wala maneno ya chuki. Mwezi Aprili 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba ina mamlaka ya kulisikiliza ombi hilo. Swali la kama kupendekeza ni kuchapisha liliachwa lisubiri usikilizwaji wenyewe.